Soda ya Kupoza Paji la Uso

Mwaka ule Ebola ilipokuwa upande wa Kongo, sisi wafanyabiashara wa Mpondwe, mpakani upande wa Uganda, tulijitafutia dawa yetu wenyewe, nayo ilikuwa soda baridi. Si ya kunywa. Unainunua kwenye kibanda cha mwisho upande wa Kasindi kabla hujavuka daraja, unaipitisha chini ya mtandio, unaikandamiza kwenye paji la uso huku foleni ikisogea polepole. Ukikaribia kwa kijana wa afya mwenye kipima joto, unaitumbukiza mfukoni na kumwonyesha uso mkavu wa mtu asiye na neno. Anakielekeza kile kidude usoni pako kama bastola, kinalia, anasoma, anasema pita. Mwenye kibanda hakuwahi kuuza soda nyingi namna ile maishani mwake, akawa anatuombea afya njema kwa moyo mmoja.

Msituone wajinga. Jua la Mpondwe mnalijua, au kama hamlijui njooni mlionje mkiwa na robota la vitenge kichwani. Hata mzima akifika pale paji lake linachemka. Na aliyekutwa na joto aliwekwa kando kwenye kiti cha plastiki, kisha gari likaja kumchukua kumpeleka kwenye hema jeupe lililosimamishwa hospitalini Bwera. Soko zima lilisema kwamba anayeingia humo hatoki, na akitoka anatoka ndani ya mfuko. Nani alimwona aliyetoka ndani ya mfuko? Hakuna. Lakini woga haudai shahidi.

Mimi nilikuwa na woga wangu wa ziada, na sikumwambia mtu. Kwa miaka mingi mimi ndiye niliyekuwa naitwa Bwera na vitongoji vyake mwanamke wa Kiislamu akifariki. Nilikuwa nawaosha. Nimeosha mama yangu, nimeosha majirani, nimeosha msichana mmoja aliyekufa akijifungua ambaye mpaka leo nikimkumbuka machozi yananitoka. Nilijua maji yanavyopaswa kuwa na upande gani unaanza. Sasa amri ilikuwa imetoka: aliyekufa kwa ugonjwa ule haoshwi na ndugu wala jirani, anazikwa na watu waliovaa manailoni mwili mzima. Nilipoisikia niliuliza moyoni swali moja tu, nalo halikunitoka tena: mimi niliyewaosha wote hawa, nani ataniosha?

Basi woga huo nilikuwa nao hata kabla sijaumwa.

Ramadhani ya mwaka huo binti yangu alijifungua mjukuu wangu wa kwanza. Mumewe ni dereva wa lori, alikuwa safarini, na mimi ni mjane, kwa hiyo nyumbani tulikuwa wanawake wawili na huyo mgeni wetu mdogo. Kwetu mzazi wa mara ya kwanza haogeshi mtoto wake mpaka siku arobaini ziishe. Ni kazi ya bibi. Bibi ndiye anayepima maji kwa kiwiko, anayejua kuishika shingo, anayenyoosha mikono na miguu kwa mafuta mpaka mtoto anyamaze kwa raha. Nilikuwa nimeingoja kazi hiyo kama watu wanavyongoja kwenda Hija. Mtoto alikuwa na siku nne, na kitovu hakijaanguka, na tayari nilikuwa nimewachosha majirani kwa kujisifu.

Asubuhi ya siku ya soko nilimwogesha kama kawaida. Kichwa kilikuwa kinanigonga, nikasema ni saumu. Mifupa ilikuwa inauma, nikasema ni uzee. Wateja wa vitenge vya Idi walikuwa wananingoja, na mimi nina tabia moja mbaya: nikishamwambia mteja kesho, hata mbingu ianguke ni kesho. Nikapanda boda mpaka mpakani, nikavuka, nikachagua vitenge vyangu Kasindi huku nimeegemea ukuta wa duka, na Mkongo mwenye duka akaniuliza, "Mama, eko bien? Macho yako iko nyekundu."

"Ni saumu," nikamwambia, tena kwa ukali, maana sikupenda anavyonitazama.

Kwenye foleni ya kurudi nilimkuta rafiki yangu, yule mama wa Kyarumba tuliyekuwa tunauza meza kwa meza sokoni, mimi vitenge, yeye maharage. Ni Mkristo kindakindaki, mtu wa milimani, mwenye sauti ya kuitia ng'ambo ya bonde. Ananiita Hajati ingawa Makka naijua kwa kalenda ya ukutani tu, nami namwita Mulokole wangu. Aliniona natoa soda chini ya mtandio akaangua kicheko.

"Hajati! Saa ine ya asubui na Ramazani! Weye nafungua na saa ya Amerika?"

"Nyamaza wewe. Si ya kunywa."

"Najua si ya kukunywa. Lakini mbona unakamata namna hiyo, kama mutu anakamata mutoto?"

Kwa kweli chupa ile niliikumbatia, maana baridi yake ilikuwa raha pekee niliyoipata siku hiyo. Niliikandamiza mpaka paji likafa ganzi. Tukanawa mikono kwa maji yenye harufu ya dawa, nikasogea mbele, kidude kikalia, na kijana akakitazama mara mbili.

"Salasini na ine," akasema. "Mama, weye iko baridi kama samaki ya friji."

Watu wakacheka. Nikacheka nao. Nikapita.

Nilitarajia kufurahi, kumbe furaha haikuja. Kabla sijafika stendi ya boda nilianza kutetemeka. Siyo kutetemeka kwa baridi ya asubuhi, la, ni kule ambako meno yanagongana nawe huna amri nayo. Hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Nilikuwa mgonjwa kwelikweli, nilikuwa nimetoka Kongo, na mtu pekee aliyewekwa pale kuniambia ukweli nilikuwa nimemdanganya kwa chupa. Mficha maradhi kifo humuumbua: methali hiyo nimewaambia wengine mara ngapi, tena nikiwa nimeshika kiuno!

Nyumbani binti yangu alikuwa ameshaandaa. Karai liko chumbani, kanga safi iko begani, mtoto yuko mapajani amevuliwa, anarusha miguu.

"Mama, maji inapoa," akasema.

Nilisimama mlangoni. Nataka niseme wazi jinsi nilivyojisikia, maana sijawahi kujisikia hivyo tena: niliiogopa mikono yangu mwenyewe. Niliitazama kama mikono ya mwizi. Asubuhi ile ile ilikuwa imemshika mtoto shingo, imempaka mafuta hadi vidole vya miguu, na mimi nikiwa tayari naumwa kichwa. Nikasema mgongo unaniuma, leo mpanguse tu kwa kitambaa. Binti akaninunia. Hakujua kuogesha, na aliogopa kitovu, na alidhani mama yake amezidiwa na uvivu wa saumu. Nikamwacha adhani hivyo. Nikaenda chumba cha nyuma nikafunga mlango.

Humo ndani nilipanga uongo wangu vizuri. Nitakaa siku mbili bila kumgusa mtu. Nitakunywa dawa za duka la dawa. Ikiwa ni malaria itaondoka, ikiwa ni ile nyingine… hapo mpango uliishia kila mara. Nikaliona hema jeupe. Nikawaona watu wa manailoni wananishusha kaburini kama gunia la kahawa, bila maji, bila mkono wa mwanamke mwenzangu, bila hata mtu mmoja wa kunifunga sanda. Nikalia kwa hasira. Niliona Mungu kama ananionea, baada ya kazi yote ile niliyomfanyia.

Adhana ya alasiri ikaniokota katika hali hiyo. Nilitia udhu kwa shida, maji yalikuwa kama miiba. Nikatandika mkeka, nikaanza, na nilipofika sijida ya kwanza, paji langu likagusa mkeka likiwaka moto, nikakwama pale pale.

Ni paji lile lile. Paji nililolipoza asubuhi ili mtu asijue, sasa nilikuwa nimelibandika chini mbele ya Anayejua. Je, Yeye naye nimwekee soda? Nilikaribia kucheka ndani ya swala, Mungu anisamehe. Joto langu alilijua kabla ya kijana wa kidude. Alijua limetoka wapi, na litanifikisha wapi, na kama mjukuu wangu amelichukua au hakulichukua. Nilichokuwa nimekificha siku nzima hakikuwa kimefichika hata dakika moja. Na badala ya hilo kunitisha, likanipumzisha. Sijui nilieleze vipi kwa mtu ambaye hajachoka kwa kuficha. Ni sawa na kutua robota ulilobeba kutoka mbali, ukagundua kwamba mwenye nyumba alikuwa ameshaliona tangu bondeni.

Nilibaki kwenye sijida muda mrefu kuliko inavyotakiwa. Nikamwambia kwa Kiswahili changu cha sokoni, maana Kiarabu changu hakifiki huko: Wewe uliyeniumba kwa tone la maji hushindwi kunipokea bila maji. Hilo la kuoshwa nimekuachia. Mtoto naye nimekuachia. Nipe miguu tu ya kufika hospitali. Nikasoma Hasbiyallahu, Mungu ananitosha, nikatoa salamu kulia na kushoto, nikainuka. Naapa kwamba homa haikupungua hata kidogo. Ila woga ulikuwa umeshuka kutoka kooni ukakaa mahali ambapo naweza kutembea nao.

Sikuingia kwa binti. Nilizunguka nje nikamwita dirishani, nikasimama hatua kadhaa mbali na ukuta, nikamwambia kila kitu: homa, Kasindi, soda, salasini na ine. Alimtazama mtoto. Kisha akasema sentensi moja tu.

"Mama, ulimwogesha leo asubuhi."

"Ndiyo maana nakwenda," nikamwambia. "Usimpe mtu mtoto. Usitoke. Na usinililie, sijafa bado."

Nikampigia simu Mulokole wangu, maana naye tulikuwa tumebanana kwenye foleni, ilikuwa haki yake kujua. Nilidhani atanitukana, na angenitukana ningenyamaza. Badala yake alikuwa barabarani mbele ya nyumba yangu kabla sijamaliza kufunga kibegi.

"Baki hapo hapo!" nikampigia kelele. "Usinikaribie!"

"Sikukaribii. Iko barabara ya Serikali. Weye tembea mbele, mimi natembea nyuma."

Bodaboda Bwera zimejaa kama nzi kwenye embe, na kila dereva alitusimamia, maana wanawake wawili watu wazima wanaotembea jua kali kwa miguu ni biashara. Sikutaka kumpandia mtu mgongoni na joto lile. "Twende, mama!" "Mama, panda!" Na rafiki yangu hatua kumi nyuma yangu akawafukuza kwa ile sauti yake ya milimani: "Mwachie! Anatembeza miguu!" Nilikuwa natembea kama mlevi. Nikichoka nasimama, naye anasimama. Nikikaa kwenye jiwe, naye anatafuta jiwe lake. Mtu aliyetuona alidhani tumegombana.

"Hajati," akaniita tukiwa tumekaa hivyo, kila mtu na jiwe lake, "unaogopa?"

"Naogopa."

"Na mimi naogopa. Basi weye omba ya kwako, na mimi niombe ya kwangu. Atasikia tu. Si beko wawili huko juu."

Akaanza kuimba wimbo wa kanisani kwao kwa Lhukonzo, lugha ya watu wa milimani, na mimi nikiwa na tasbihi yangu mkononi, tukainuka tukaendelea. Nimetembea na watu wengi bega kwa bega ambao hawakuwa karibu nami kama alivyokuwa yeye hatua kumi nyuma.

Getini alikuwepo askari, mtu wa amri. "Wee mama! Simama hapo! Unaenda wapi? Fungua mukoba!"

"Afande," nikamwambia, "nina homa, na asubuhi nilikuwa Kasindi."

Sijawahi kuona amri ikirudi nyuma haraka hivyo. Alirudi hatua tatu, akaukuta ukuta, akanionyesha hema kwa fimbo. Rafiki yangu huko barabarani akacheka mpaka akashika magoti, na mimi, homa yote ile, nikacheka pia. Halafu nikageuka nikampungia mkono, nikaingia.

Hema lenyewe halikuwa na pembe wala makucha. Lilikuwa na vitanda, maturubai, harufu kali ya dawa, na mwanamke mmoja aliyevaa manailoni kuanzia utosini hadi chini, macho yake tu ndiyo yanaonekana nyuma ya miwani mikubwa. Nikajiandaa kuogopa. Akaniinamia akasema, "Mama, karibu. Mimi ni mutoto wa hapa hapa, usiniogope. Najua tunafanana na mashetani."

Kipima joto kikasema thelathini na tisa na nusu. Akaniuliza kama nilipimwa mpakani, nikasema ndiyo. Ilisomaje? Nikasema. Akauliza, kwa upole wa mtu anayejua jibu, "Ilikuwa soda?"

Nikafungua kibegi nikaitoa. Nilikuwa nimeitia humo pamoja na kanga zangu, haijafunguliwa, imepata joto kama chai. Yule nesi alicheka ndani ya mavazi yake mpaka miwani ikaingia ukungu, ikabidi asimame akingoja ukungu utoke ndipo aone tena. Akaniambia kwamba mgonjwa hafungi, kwamba ninahitaji maji mwilini, na kwa kuwa soda ninayo, nianze na hiyo. Ndivyo nilivyofungua saumu yangu ya siku ile, mchana kweupe, kwa soda ya moto ndani ya hema la Ebola, mbele ya mwanamke ambaye sikuwa nimeiona sura yake. Nimefungua saumu nyingi kwa tende na futari za kila namna. Ile ndiyo ninayoikumbuka.

Kisha akanitaka nimtajie kila mtu niliyemgusa. Hiyo ndiyo saa ngumu kuliko zote. Nilimtaja Mkongo wa vitenge, nikamtaja dereva wa boda, nikamtaja rafiki yangu, nikamtaja binti yangu. Nilipofika kwa mtoto nikavuta kwanza punje kadhaa za tasbihi. Nesi alingoja. Hakunihimiza. Nikasema, "Na mjukuu wangu, ana siku nne, bado hata jina hajapewa." Akaandika. Akatoa damu, akapima malaria pale pale, ikaonekana imejaa tele. Nikaruka kwa furaha, akanituliza: malaria ninayo, ndiyo, lakini haimzuii mwenziwe kuwemo. Damu nyingine itakwenda kwenye maabara ya Entebbe. Nitangoja.

Nilingoja siku mbili. Dawa ya malaria nilipewa siku ile ile, na kesho yake mwili ulianza kuwa wangu tena, lakini hakuna aliyeniambia ninachotaka kusikia. Woga ulikuwa unarudi kwa zamu, hasa nikisikia kitoto kinalia upande wa wodi ya wazazi. Kila ukirudi nilikuwa nalala kifudifudi, naweka paji kwenye shuka, naanza upya: nimekuachia. Wakati mwingine mara kumi kwa saa moja. Watu husema tawakali kana kwamba ni kitu unachokifanya mara moja ukamaliza. Mimi ilikuwa kazi ya kutwa, kama kuteka maji.

Asubuhi ya kwanza humo simu ikalia. Binti.

"Mama, ananuka maziwa kwenye shingo. Siwezi kumpangusa tena na kitambaa. Nimeweka maji kwa karai. Nieleze."

Watu wa afya walikuwa wamefika kwake, wakampima yeye na mtoto, wakamwambia asitoke. Majirani walikuwa wanamwekea chakula juu ya ukuta na kukimbia. Hapakuwa na bibi mwingine wa kuitwa. Mila ya siku arobaini ikabidi ipite kwenye simu.

"Weka simu juu ya kitanda, ipaze sauti," nikamwambia. "Tia kiwiko majini. Usitie kidole, kidole kinadanganya. Yakoje?"

"Ni vuguvugu."

"Sasa mkono wa kushoto uwe chini ya shingo. Kidole gumba na cha shahada vishike bega la mbali. Usimkabe, ni mtoto siyo kuku. Mshushe kwa miguu kwanza. Ongea naye."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie kwamba bibi yake ana mdomo mrefu mpaka amepelekwa hospitali."

Nikasikia maji. Nikamsikia mtoto anavuta pumzi ya kushtuka, kisha ananyamaza, kisha kile kisauti cha raha ninachokijua. Binti yangu alikuwa anacheka na kulia pamoja. Nami nilikuwa nimekaa kitandani, macho yameziba kwa machozi, mkono wangu wa kushoto umekunjwa hewani, umeshika shingo ya mtoto asiyekuwepo. Nesi alipita akaniona, akasimama, akaondoka.

"Kitovu?" nikauliza.

"Kinacheza-cheza. Naogopa."

"Kiache. Kitaanguka chenyewe siku yake. Siyo kila kitu ni cha kushikwa."

Nilijisikia ninasema hivyo, na nikajua ninajiambia mwenyewe.

Siku ya tatu, baada ya saa sita mchana, nesi aliingia amevaa nguo za kawaida. Nilimtambua kwa macho. Alikuwa msichana mdogo, ana mwanya, umri wa binti yangu. Kabla hajafungua kinywa nilikuwa nimeshajua, kwa sababu nilikuwa naiona sura yake.

"Mama," akasema, "majibu imerudi. Hauna. Ni malaria tu. Enda nyumbani."

Malaria tu! Nimelala na malaria tangu utotoni na sijawahi kuipenda hivyo. Nilimwomba Mungu anisamehe kila jambo nililomsingizia kwenye chumba cha nyuma, nikamshika nesi mikono miwili nikasahau kwamba hatushikani, naye akasahau pia. Nilikuwa mwepesi. Nilihisi kwamba nikiruka kidogo nitafika Kasese mjini.

Rafiki yangu alikuwa nje ya geti, naye aliyekuwa ameambiwa asitoke kwake ameachiwa mchana huo huo, na alikuwa amekaa kwenye jiwe kama siku ile. Safari hii hakukaa hatua kumi. Alinikumbatia katikati ya barabara mpaka boda wakatupigia honi. Alikuwa na soda mbili, baridi.

"Moja ya kukunywa," akasema, "moja ya kuweka kwa paji, kama ungali unapenda."

Nikamwambia zote azinywe yeye, mimi soda imenitosha, na kesho kutwa narudi kwenye saumu, nesi akiniruhusu. Tukapanda boda moja, sisi wawili na dereva, kinyume cha sheria, Mulokole wangu akiimba.

Tangu siku ile sikununua tena soda ile. Nilipovuka wiki iliyofuata nilisimama mbele ya kijana yule yule, jasho linanitiririka, robota kichwani, nikamwambia ukweli wa siku ya samaki wa friji. Alinitazama, akapima, ikasoma joto, akaniweka kwenye kiti cha kivulini dakika kumi, akapima tena, ikasoma sawa. Dakika kumi tu za kivuli! Ndicho tulichokuwa tunakikimbia wote kwa miezi ile.

Lakini hayo yalikuwa baadaye. Siku ile nilishuka kwenye boda, nikafika mlangoni pa chumba, na miguu ikasita palepale iliposita siku mbili nyuma. Karai lilikuwa mahali pake. Mtoto alikuwa mapajani, kitovu kimeanguka, anarusha miguu. Nilitazama mikono yangu. Ilikuwa mikono tu.

"Mama," binti akasema, "maji inapoa."

Nikakunja mikono ya gauni, nikatia kiwiko majini, nikampokea. Kabla sijamshusha nikaliweka paji langu juu ya paji lake, tukakaa hivyo kidogo, kila mmoja na joto lake.